Nusu ya Nyuma: Kuisoma Baiskeli ya Springi Mbili Kisangani

Ukitaka kujua baiskeli iliundwa kwa ajili ya nani, usianzie kwenye usukani. Zunguka nyuma, chuchumaa, tazama. Kwa mbele baiskeli zote zinakaribiana: mikono miwili, njia moja. Nyuma ndiko zinakoachana. Mjini Kisangani nusu ya nyuma ya kinga, yaani baiskeli, ilikuwa kwa miaka mingi mali ya umma. Alikaa hapo mwanafunzi anayewahi mhadhara, alikaa mama aliyetoka sokoni na beseni la mihogo, alikaa mgonjwa aliyejiegemeza mgongoni kwa dereva. Na pasipokuwa na abiria palifungwa gunia la makaa au madumu ya mawese. Mbele palikuwa pa mwenye chombo, nyuma palikuwa pa mji.

Nayasema hayo mapema kwa sababu swali ninalotaka kulishughulikia linaonekana kuwa la mtu mmoja na mfuko wake. Mtu ana akiba, anataka baiskeli ya milima yenye springi mbele na nyuma, ile ambayo wengi mjini huiita VTT kwa Kifaransa. Anunue mpya au ya mtumba? Wauzaji wana majibu tayari. “Papa, hii ni mupya kabisa,” atasema mmoja, akimaanisha kwamba haijaguswa na mtu. “Hapana, papa, hii imetoka Poto,” atasema mwingine, akimaanisha kwamba kilichotumika Ulaya kimekwisha kuthibitisha kwamba kinatumika. Hoja ya huyu wa pili ina nguvu kubwa Kongo nzima, kuanzia friji hadi viatu, na haikosi busara. Lakini wote wawili wanapima umri, na umri ni kipimo dhaifu kwa chombo cha namna hii. Mimi ningepima umbo: viungo viko wapi, nani anaweza kuvifungua, na nani anaruhusiwa kukaa juu yake.

Uhakiki wa umbo unahitaji umbo la kulinganishia, na Kisangani inalo. Toleka, yaani teksi ya baiskeli, ilishika barabara za mji katika miaka ya 1990. Uporaji wa 1991 na 1993 ulikuwa umevunja biashara. Kisha vikaja vita, magari yakapungua, mafuta yakawa adimu. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kwa siku sita, na hata baada ya hapo kilichoendelea kuzunguka kati ya Makiso, Mangobo, Kabondo na daraja la Tshopo kilikuwa ni kinga. Mbali na mji, wafanyabiashara walisukuma baiskeli zilizosheheni chumvi, sabuni na mafuta kwa mamia ya kilomita kwenye njia za Bafwasende na Buta, wakitembea kwa miguu kando yake.

Tazama toleka ilivyokaa. Magurudumu ya inchi 28. Fremu ya chuma yenye pembe zilizolala, ndefu kati ya ekseli na ekseli. Foku inayopinda kwenda mbele karibu na chini. Breki za fimbo badala ya waya. Tandiko la ngozi juu ya koili mbili. Keria nzito nyuma, na juu yake mto wa sponji uliovikwa kitambaa au plastiki. Umbo hili lilikomazwa Uingereza na makampuni kama Raleigh ya Nottingham, likanakiliwa Tianjin mwaka 1950 kwa jina la Flying Pigeon, likatengenezwa Shanghai na Phoenix na Forever, na Ludhiana, India, na Hero kuanzia 1956. Limezunguka dunia likibadilika kidogo sana, na sidhani ni kwa uvivu wa wabunifu.

Springi yake iko wapi? Haiko mahali pamoja. Gurudumu kubwa linavuka shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia. Foku iliyopinda inanesa. Urefu wa fremu unamweka abiria mbele kidogo ya pigo kali zaidi. Koili za tandiko zinamtunza dereva, sponji inamtunza abiria. Hakuna kipande hata kimoja kinachoitwa shokapu, na kwa hiyo hakuna kipande ambacho kikifa chombo kizima kinakufa. Foku ikipinda hunyooshwa. Ikianza kuchoka, fundi huichomelea kipande cha nondo kandokando. Hilo haliombewi ruhusa kiwandani. Umbo la toleka linamkaribisha mtu wa pili mara mbili: kama abiria, na kama fundi.

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu baiskeli ya milima nayo ina historia ambayo wauzaji wa mpya hawaitaji. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na Mlima Tamalpais kaskazini ya San Francisco, kundi la marafiki lilishindana kushuka njia ya vumbi waliyoiita Repack. Baiskeli zao zilikuwa chakavu: mafremu ya Schwinn Excelsior ya tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, yenye matairi manene, yaliyofufuliwa na kutiwa vipande vya mashine nyingine. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ya kukanyaga kinyumenyume, na hadi mtu afike chini grisi ilikuwa imeungua ikatoka kama moshi, ikabidi habu ifunguliwe na kupakwa upya. Fremu mpya iliyoundwa makusudi kwa kazi hiyo ilikuja mwaka uliofuata, mikononi mwa Joe Breeze. Ya kiwandani iliyouzwa kwa wingi, Stumpjumper ya Specialized, ilikuja 1981. Kwa maneno mengine baiskeli ya milima ilizaliwa ikiwa mtumba, gerejini, kwa mikono ya watu wanaofungua vitu. Upya ni nyongeza ya baadaye.

Springi nazo zilikuja kwa njia ambayo fundi wa Kisangani angeielewa mara moja. Paul Turner, aliyeleta foku ya RockShox RS-1 mwaka 1989, alikuwa ametoka kwenye pikipiki za motokrosi. Horst Leitner, Mwaustria aliyehamia California, alikuwa mtengenezaji wa pikipiki kabla ya kugeukia baiskeli. Leitner ndiye aliyeweka kiungo kidogo kwenye bomba la chini la nyuma, mbele kidogo ya ekseli, na kiungo hicho kikabadilisha sarufi nzima ya nusu ya nyuma.

Hapa inafaa kukawia. Njia nyepesi ya kuifanya nusu ya nyuma icheze ni kuikata fremu vipande viwili na kuviunganisha kwa kiungo kimoja karibu na pedali. Gurudumu la nyuma linachora tao moja safi. Kasoro yake ni kwamba mnyororo na breki vinaingilia mchezo huo: ukikanyaga kwa nguvu mkono wa nyuma unapanda au kushuka, ukifunga breki springi inakakamaa. Leitner aliligawa tao hilo. Kwa kuongeza viungo, alitenganisha kazi ya kubeba gurudumu na kazi ya kupokea breki, na gurudumu likaendelea kucheza hata breki ikiwa imefungwa. Specialized waliinunua hataza yake mwaka 1998 na kuishikilia hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2013, na katika miaka hiyo makampuni mengine yalihangaika kutafuta njia za kuizunguka: viungo vifupi viwili, kiungo kilichozunguka ekseli yenyewe, na kadhalika. Kila suluhisho lilikuwa la kijanja na kila suluhisho liliongeza beringi. Baiskeli ya viungo vingi inaweza kuwa na beringi nane au kumi katika mkono wa nyuma tu. Mimi huupenda ujanja huo kwenye michoro. Kwenye tope jekundu la Tshopo, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, kila beringi ni mlango wa maji.

Turudi basi kwenye baiskeli mbili za wauzaji wetu.

Ile mpya haitatuchukua muda mrefu. Inasimama mbele ya duka ikiwa bado imevikwa plastiki, rangi mbili kali, maandishi ya mshazari. Springi ya nyuma imewekwa pale jicho linapotua kwanza, nyekundu au manjano, katikati ya fremu. Likandamize tandiko kwa kiganja kisha achia. Linashuka, linapanda, linashuka tena, linapanda tena. Kasoro yake yote iko hapo. Koili peke yake hukopa nguvu ya pigo na kuirudisha karibu yote. Kinachotuliza ni mafuta yanayosukumwa kupita kwenye matundu membamba ndani ya shokapu, hadi nguvu ya pigo igeuke joto. Ondoa mafuta hayo, na umempa mwendeshaji kila shimo mara mbili. Viungo vyenyewe ni bolti iliyopitishwa kwenye bushi ya plastiki. Chombo kizima kina kilo 18, 20, wakati mwingine zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni chuma cha kubeba kitu kisichofanya kazi. Baadhi ya baiskeli za jamii hii zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya Marekani hubandikwa onyo kwamba zisitumike njia za porini wala kurukia. Umbo linasema mlima, karatasi inasema lami.

Springi hapo ni pambo. Sina ugomvi na mapambo. Toleka zilipambwa sana, na abiria alichagua mto kwa rangi yake. Lakini pambo la toleka lilikaa juu ya muundo. Hili limewekwa ndani yake, mahali ambapo fremu ingepaswa kuwa ngumu, na kwa hiyo limeudhoofisha muundo ili upendeze. Baiskeli hiyo mpya ingekuwa bora kama mtengenezaji angeacha nusu ya nyuma iwe pembetatu ya chuma iliyofungwa. Ingekuwa nyepesi, ya bei ya chini, na ingepokea keria.

Ile ya Ulaya inastahili macho zaidi, kwa sababu ina tabaka mbili za kusoma: alichokusudia mbunifu na alichofanya mwendeshaji wa kwanza. Mtu huyo bado yumo. Springi ilichaguliwa kwa uzito wake. Kanuni ya kawaida ni kwamba akiketi, nusu ya nyuma ishuke asilimia 25 hadi 30 ya safari yake yote. Kama alikuwa na kilo 95 na wewe una 62, umenunua sofa ya mtu mwingine: utakaa juu ya springi isiyotambua kwamba upo. Usukani pengine aliukata kwa upana wa mabega yake. Mikwaruzo chini ya pedali inaeleza kama alipiga mawe. Sehemu iliyong'aa upande mmoja wa mabomba ya foku inaeleza kwamba mafuta yalikauka na akaendelea kuendesha. Inyanyue kwa tandiko, polepole, gurudumu la nyuma likiwa bado limegusa ardhi. Ukihisi “tok” kabla gurudumu halijapanda, kiungo kimoja kimekula. Kisha pitisha kidole na kitambaa kwenye maungio: nyuma ya bomba la kichwa, kuzunguka ekseli ya pedali, na hasa kwenye vijicho vinavyoshika shokapu. Nyufa hupenda mahali ambapo kitu kinachotembea kimefungwa kwenye kitu kisichotembea.

Ufa ukipatikana, sikiliza kwanza umepatikana kwenye nini. Chuma kina kikomo cha uchovu: pigo likiwa chini ya kiwango fulani, kinaweza kulipokea bila kuhesabu. Alumini haina kikomo hicho. Kila pigo linaandikwa. Tena fremu nyingi za alumini hupata ugumu wake kwa kupikwa kwenye tanuri baada ya kuchomelewa, kwa hiyo fundi akiichomelea baadaye kando ya barabara, eneo linalozunguka mchomeleo hulegea hata kama mchomeleo wenyewe ni mzuri. Fundi wa Kisangani anayefufua fremu ya toleka mara tano hana cha kufanya hapa, na si kwa kukosa ustadi. Metali yenyewe inakataa kurekebishwa nje ya kiwanda. Fremu ya alumini yenye ufa iachwe, iwe na jina kubwa kiasi gani.

Halafu kuna saa. Mtengenezaji wa RockShox anashauri sehemu ya chini ya foku ifunguliwe, isafishwe na kubadilishiwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa mtu wa Ulaya anayetoka Jumapili kwa saa tatu, hiyo ni huduma ya kila miezi minne hivi. Mtoleka anayefanya kazi saa nane kwa siku anazimaliza saa 50 ndani ya wiki moja. Kifungu hicho kidogo cha kitabu cha maelekezo kinafichua zaidi kuliko tangazo lolote. Umbo hili liliandikiwa mtu mwenye siku moja ya mapumziko na gereji yenye maji safi. Si kosa lake. Ila mnunuzi ajue ratiba ya nani imo ndani ya foku anayoinunua.

Shokapu ya hewa inaongeza sharti lingine. Baadhi yake hujazwa hadi kipimo cha psi 300 kwa pampu maalumu yenye mdomo mwembamba, na pampu ya matairi ya barabarani haikaribii hapo. Siku sili inapopasuka kwenye njia ya Buta, nusu ya nyuma inaketi chini kabisa na haiinuki. Shokapu ya koili ni nzito, wapenda mbio wanaidharau, lakini mafuta yake yakivuja koili inabaki imesimama. Unarudi nyumbani ukirukaruka, lakini unarudi. Kwa Kisangani ningechagua koili bila kusita.

Na hapa mtumba unaanza kushinda kwa sababu ambayo muuzaji mwenyewe huenda haijui. Kuanzia 2013 hivi watengenezaji wa Ulaya na Marekani waliliacha gurudumu la inchi 26 na kuhamia 27.5 na 29. Ekseli zikapanuliwa, bomba la kichwa likawa nene chini na jembamba juu, habu za nyuma zikatoka milimita 135 hadi 142, kisha 148. Baiskeli nzuri ya mwaka 2005 ikawa kitu kisichotakiwa kwao, na bei yake ikaanguka, bila kosa lolote la kiufundi. Lakini kwenye masoko yetu gurudumu la inchi 26 halijafa. Tairi lake linapatikana, tyubu yake inapatikana, na kila kijana mwenye kisanduku cha viraka anaujua ukubwa wake. Kilichoizeesha huko ndicho kinachoifanya iishi hapa. Tairi la 29 likichanika Lubunga, baada ya kuvushwa mto kwa mtumbwi, litasubiri mzigo kutoka mbali: kwa mto ni zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, na kwa barabara ni safari ndefu ya tope kutoka mashariki.

Pembe nazo zinaunga mkono la zamani. Baiskeli za springi mbili za leo zina foku iliyolala sana, nyuzi 64 au 65, kwa sababu zimeandikwa kwa ajili ya kushuka miteremko mikali kwa kasi. Kisangani iko bondeni mwa mto, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na adui wake ni shimo, mtaro na utelezi. Foku iliyolala kupita kiasi, kwenye mwendo wa polepole, hupepesuka kama haijui inakokwenda. Baiskeli za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, zenye nyuzi 68 hadi 71, husimama wima zaidi na kujibu haraka katikati ya madimbwi. Majarida ya Ulaya yatakuambia pembe hizo zimepitwa na wakati. Zimepitwa na mlima. Hazijapitwa na Mangobo.

Kwa hiyo, kama ni lazima iwe springi mbili, chaguo langu liko wazi kwa kiasi: ya mtumba, gurudumu la 26, koili, kiungo kimoja kikubwa nyuma badala ya viungo vinne vidogo, beringi zenye namba za kawaida. Hilo la mwisho ni dogo lakini linaokoa. Beringi ya 6902 ni ile ile popote ilipofungwa: tundu milimita 15, kipenyo 28, unene 7. Inaweza kutafutwa kwa wauza vipuri wa mashine. Kinachoua ni kipande ambacho kampuni ilikitengeneza kwa ajili ya fremu moja tu na kikaacha kutengenezwa: ekseli yenye nyuzi zake za peke yake, au kijisikio cha kuning'inizia gia, ambacho hadi 2019, kampuni ya SRAM ilipoleta umbo la pamoja, kila kampuni ilikuwa na lake. Kijisikio, fundi mvumilivu anaweza kukata kingine kutoka kwenye bamba la alumini kwa msumeno na tupa. Bushi inaweza kukerezwa. Muulize muuzaji kipande kipi hakiwezi kutengenezwa mjini, na kama hana jibu, litafute mwenyewe kabla hujatoa fedha.

Lakini bado hatujamkaribisha mtu wa pili, na hapo ndipo umbo zima, jipya na kuukuu, linapokwama. Keria itafungwa wapi? Ukiifunga kwenye mkono wa nyuma unaocheza, abiria anakaa chini ya springi, si juu yake: anapokea kila pigo mbichi, na uzito wake unalifanya gurudumu liwe zito kucheza. Ukiifunga kwenye fremu ya mbele, inabidi ining'inie hewani nyuma ya tandiko bila mguu wa kuishikilia. Na hata ikishikilia, hesabu inakataa. Chukua mwendeshaji wa kilo 80, ambaye karibu kilo 50 zake zinaangukia nyuma, na springi iliyopangwa ishuke asilimia 30 chini yake. Weka abiria wa kilo 60 juu ya ekseli ya nyuma. Uzito unafika 110, na springi inashuka asilimia 66. Theluthi mbili za safari zimekwisha kabla ya shimo la kwanza. Umbo hili lina nafsi moja, na limeufunga mlango kwa nyuma.

Kuna mtu aliyelijua hilo kuliko wengi. Tom Ritchey alikuwa miongoni mwa waliotengeneza mafremu ya kwanza ya baiskeli za milima kule California. Katikati ya miaka ya 2000 alifika Rwanda, nchi ya milima kweli, akachora baiskeli ya wakulima wa kahawa. Alikuwa na ujuzi wote wa springi karibu yake. Hakuiweka hata moja. Alichofanya ni kurefusha nyuma, ili magunia yakae chini na katikati, mbele ya ekseli. Baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine: chuma, keria inayobeba kilo 100, hakuna kinachocheza. Toleo lake lenye gia mbili, la 2023, linatumia minyororo miwili na friwili mbili, na gia hubadilika kwa kukanyaga nyuma kidogo, bila waya wala kijisikio cha kukatika. Naiona kuwa ubunifu mkubwa kuliko shokapu nyingi zenye mpako wa dhahabu. Huko Goma, watengenezaji wa chukudu, skuta za mbao za kubebea mizigo, walikwisha kulijua suala hilo: raba imefungwa kuzunguka gurudumu, kipande cha raba kimepigiliwa pale goti linapotua, na sehemu yote iliyobaki ni ya mzigo.

Hata hivyo si kweli kwamba springi ya nyuma na abiria haviwezi kukaa pamoja. Vinakaa pamoja Kisangani kila saa, kwenye pikipiki za Kihindi na Kichina ambazo kuanzia miaka ya 2000 ziliwaondoa watoleka wengi barabarani. Kwa kawaida husemwa kwamba pikipiki ilishinda kwa injini. Injini ilichangia, lakini itazame kwa ubavuni. Mkono wa nyuma ni mrefu, una kiungo kimoja, kinene, karibu na injini. Shokapu ni mbili, moja kila upande, na zimesimama karibu na ekseli, kiasi kwamba gurudumu likipanda sentimita moja shokapu nayo inabanwa karibu sentimita moja. Kwenye baiskeli, gurudumu lenye safari ya milimita 150 hubanwa kwenye shokapu ya milimita 60; kila kosa la springi linazidishwa mara mbili na nusu. Kiti cha pikipiki kimekaa juu ya fremu, mbele ya shokapu, na koili zilichaguliwa kwa watu wawili tangu mwanzo. Nusu yake ya nyuma iliandikwa na mtu aliyekuwa akimfikiria abiria.

Baiskeli kuukuu ya kiungo kimoja na koili ni ufupisho wa umbo hilo hilo, lililovukia kwenye baiskeli kupitia watu kama Turner na Leitner. Imempoteza abiria njiani, na hilo halitengenezeki; atakayeinunua ainunue kwa ajili ya safari zake mwenyewe, za njia ya Wagenia au za porini, na asiitegemee kwa biashara. Lakini bushi zake, koili yake na lugha ya ubovu wake vinafahamika kwa watu waliokaa chini ya miembe wakibadilisha mikono ya pikipiki mwaka mzima. Siku ya kwenda kununua, mpitie fundi wa pikipiki umchukue, na fundi wa baiskeli umwache kwa siku ya magurudumu. Wa kwanza ataushika mkono wa nyuma kwa mikono miwili, atausukuma kushoto na kulia, na muuzaji atalazimika kuianza bei upya.